Boma la Tanga: Litunzwe kwa Ajili ya Nani?

Watu wa Kwamndolwa, Korogwe, huenda Tanga mjini kwa matibabu, kwa kesi, kwa biashara. Basi linatoka Korogwe, linapita Segera, Hale na Muheza, na mkonge unalisindikiza sehemu kubwa ya njia. Ni wachache mno wanaopanda basi hilo ili wakaangalie majengo. Hata hivyo, boma la Wajerumani, stesheni ya reli, hospitali ya zamani na mnara wa saa wa mwaka 1901 vilisimama kwa mali na nguvu zilizotoka bara, zikiwemo za Korogwe na Handeni. Mwenye kuchangia ujenzi ana haki ya kuulizwa kama jengo libaki au liondoke, na likibaki, ndani yake kuwekwe nini.

Mjadala huu una sauti mbili. Ya kwanza ni ya Mjomba, mzee wa Kwamndolwa ambaye baba yake alikuja na mkataba wa manamba kutoka Songea, akakata mkonge, akaoa Mzigua, akabaki. Ya pili ni ya Mpwa, binti wa dada yake, anayesomea uchoraji. Wamezunguka mji pamoja na kuingia boma la zamani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga yenye picha nyingi za mji wa enzi hizo. Wasemaji hawa nimewabuni. Majengo, miaka na watu wanaowataja ni wa kweli. Nami nina upande wangu, nitausema mwishoni.

Kuta ni za nani?

MJOMBA: Mama, umenitembeza tangu asubuhi na sikulalamika. Nimeona kuta nene, nguzo na veranda pana. Ni majengo mazuri, sikatai. Lakini mtu anayeniambia nilipende boma anieleze kwanza lilifanya kazi gani. Boma lilikuwa mahali pa kulipia kodi. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilipoanza kudaiwa, asiye na fedha alipelekwa akafanye kazi. Boma lilikuwa mahali pa kifungo na pa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano ambavyo wazee wetu walivitaja kwa sauti ya chini mpaka wanakufa. Kule Usambara Wajerumani walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, mwaka 1895. Pangani walimnyonga Abushiri tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliwaongoza Wazigua kupigana nao mwaka 1889 na 1890, mpaka nguvu zikamwishia. Sasa leo nitoe fedha yangu ya kodi nipake rangi nyumba ya aliyewanyonga? Kwetu watoto wanakaa wengi darasa moja.

MPWA: Mjomba, hayo yote ni kweli na sitaki yafutwe hata moja. Ila naomba tusogee karibu na ukuta. Majengo ya pwani ya zama zile, pale lipu inapobanduka, yanakuonyesha mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilichomwa hapahapa pwani, tanuri likipangwa kuni na matumbawe juu yake. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Ufundi huo haukuja na meli kutoka Hamburg. Nenda Tongoni, kusini mwa mji, ukaangalie msikiti na makaburi ambayo yametangulia Wajerumani kwa mamia ya miaka: ni jiwe lilelile, chokaa ileile. Mjerumani alileta mchoro, bendera na amri. Mikono iliyopanga jiwe juu ya jiwe ilikuwa ya mafundi wa pwani, wa Kihindi na wa bara. Tukiliacha boma lianguke tutaangusha kazi ya mafundi hao, na aliyetoa amri hatapoteza kitu.

MJOMBA: Fundi aliyelazimishwa hajivunii kazi yake.

MPWA: Pengine hajivunii. Lakini anastahili kutajwa. Na si wote walilazimishwa. Wako waliolipwa, wako waliofundisha watoto wao ufundi huo. Tukisema jengo zima ni la Mjerumani, tunamzawadia hata kile ambacho hakukifanya.

MJOMBA: Haya, hapo umenipa la kufikiri. Lakini ukuta hausemi. Mgeni anayesimama mbele ya jengo anaona uzuri, basi. Kila mgeni Tanga anasimuliwa vita vya Novemba 1914, jinsi Waingereza na askari wao kutoka India walivyotimuliwa na jinsi nyuki walivyowavamia. Wanacheka, wanapiga picha. Nani anawasimulia habari za wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo mpaka 1918, wakafa kwa njaa na maradhi njiani? Shahidi asiyesema hana faida mahakamani.

MPWA: Ndiyo maana nataka tumpe shahidi huyo sauti. Ukimfukia, kesi inakwisha kabla haijasikilizwa.

Sheria inalinda nini?

MPWA: Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, Mjomba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Jengo lililosimamishwa baada ya hapo halina kinga mpaka serikali ilitangaze rasmi kuwa ni la kuhifadhiwa. Milango ya kuchonga imepewa mwaka wake, 1940. Kwa hiyo majengo ya Wajerumani, yaliyoanza miaka ya 1890, yote yako upande wa pili wa mstari. Jengo lisipotangazwa linategemea huruma ya mwenye nalo.

MJOMBA: Basi sheria iko upande wangu. Kilichokuwepo kabla ya mkoloni kinalindwa chenyewe; cha mkoloni kijieleze kwanza.

MPWA: Subiri, Mjomba. Mstari huohuo wa 1863 unaacha nje na vyetu. Mkonge wenyewe uliingia nchini mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 ya kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa hiyo kambi ya manamba, nyumba ya korona walikosindika mkonge, stesheni ya Korogwe ambako reli ilifika 1902, ukumbi ambako watu walikata kadi za TANU, hakuna hata kimoja cha kabla ya 1863. Ukisema cha baada ya hapo kijiondokee, nyumba aliyolala babu kambini itakuwa ya kwanza kuondoka. Boma lina mawe. Litavumilia miaka mingine. Kambi ina matofali membamba na mabati.

MJOMBA: Hilo sikuliona. Mwaka 1964 mkonge wa nchi hii ulipita tani 200,000, na sehemu kubwa ulipita mikononi mwa watu walioishi kambi hizo. Baba alikuwa na kipande chake: siku thelathini za kazi zikijazwa moja moja ndipo alipwe, na siku ambayo hakumaliza idadi ya matita haikuandikwa. Kipande kile kilipotea. Kama kungekuwa na mahali pa kukipeleka, ningekipeleka.

MPWA: Mahali hapo ndipo ninapopatafuta.

Ndani kuwekwe nini?

MPWA: Picha za zamani ziendelee kuwepo. Ila picha nyingi za enzi zile zilipigwa na wageni, kwa jicho lao, zikimwonyesha Mwafrika akiwa amebeba mzigo au amesimama nyuma ya kiti. Ningependa chumba kimoja kikubwa kiwe cha sanaa, kionyeshe sisi tulijichora vipi. Na mtu wa kwanza ningemweka Edward Said Tingatinga.

MJOMBA: Yule wa picha za wanyama zinazouzwa Dar es Salaam? Anahusika vipi na Tanga?

MPWA: Anahusika kama babu alivyohusika. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na kwenye miaka ya 1950 alikuja mkoa huu wa Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akafanya vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wachoraji. Alichukua vipande vya hadibodi, mraba wa kama sentimita 60, akatumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Alipaka kwanza rangi moja ubao mzima, kisha juu yake akamtoa chui, ndege au tembo kwa mistari na madoa. Rangi ile inang'aa kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya chuma. Miaka minne tu baada ya kuanza alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwingine, mwaka 1972. Wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Leo mtindo wake unajulikana duniani kote, na mkoa aliokatia mkonge hauna habari kwamba alipita.

MJOMBA: Mkata mkonge! Hilo lisemwe shuleni Kwamndolwa, kesho asubuhi. Watoto wetu wanaambiwa mkonge ulitoa katani peke yake.

MPWA: Basi umekubali chumba cha sanaa.

MJOMBA: Nimekubali Tingatinga. Chumba bado, maana najua utaweka nini cha pili. Nimekuona ukiangalia vile vitabu.

MPWA: Nitaweka kazi za Wazigua, Washambaa na Wanguu. Sanamu ndogo za udongo za jando na unyago. Hans Cory alizikusanya na kuziandikia kitabu mwaka 1956, akitaja makabila yetu kwa majina. Mwana hiti, kisanamu cha mti. Vibuyu vya waganga vyenye vizibo vilivyochongwa kichwa cha mtu. Ulaya na Marekani vitu hivi vimewekwa ndani ya vioo, vinamulikwa taa, vinaitwa sanaa kubwa. Sisi tulioviumba hatuna pa kuvionea.

MJOMBA: Hapo nakataa, na nakataa nikiwa na akili zangu. Sanamu zile zilifinyangwa zifundishe mtu aliyeko ndani, kwa nyimbo na maelezo yake, siku zake zikiisha ziharibiwe. Mwanamume hakuona za wanawake, mtoto hakuona zozote. Wewe unataka kuziweka ambapo mwanafunzi wa darasa la tatu anapita anakula karanga. Na aliyezikusanya aliambiwa nini, na nani, kwa idhini ya nani?

MPWA: Lakini siri imeshatoka, Mjomba. Kitabu kipo, vioo vipo.

MJOMBA: Siri iliyoibiwa inabaki kuwa mali ya mwenyewe. Anayenunua ng'ombe wa wizi hawi mwenye ng'ombe kwa sababu tu amemfungia zizini mchana. Uko radhi kumwambia bibi yako kwamba kwa kuwa mgeni alishachungulia, na sisi wote tuchungulie?

MPWA: Siko radhi. Lakini nisipoonyesha, kijana wa Kwamndolwa ataamini kwamba watu wake hawakuumba kitu. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoingia chuoni.

MJOMBA: Basi waulizwe makungwi. Wao wanajua lipi la ndani na lipi la nje. Kuna mapambo yanayoonyeshwa siku ya kutoka mwali, hadharani, ngoma ikipigwa. Hayo hayana mwiko. Kuna vyungu, mikeka, vinu, mikwaju, ngoma zenyewe. Yapo mengi ya kujaza chumba bila kumvua mtu nguo. Na yale yatakayokataliwa, weka nafasi tupu na uandike kwamba wenyewe wamekataa. Hilo nalo litamfundisha mgeni adabu.

MPWA: Nafasi tupu yenye maelezo. Sikuwahi kufikiria hivyo, Mjomba. Nakubali.

Fedha itoke wapi?

MJOMBA: Tumefika penye uzito. Utaniambia fedha itoke kwa Wajerumani.

MPWA: Itoke kwao kwa sehemu, kwa nini isitoke? Novemba 2023 Rais wao Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa waliyoyatenda wakati wa Majimaji. Songea ndiko alikotoka babu. Maneno ya msamaha yafuatwe na kazi.

MJOMBA: Yafuatwe. Ila anayelipa ngoma ndiye anayechagua wimbo, na wimbo wa Mjerumani kuhusu Tanga naujua: reli, hospitali, mji uliopangika. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, nani alichimba tuta? Walete fedha, maelezo ya ukutani tuandike wenyewe, kwa Kiswahili kwanza.

MPWA: Kwa sharti hilo nakuunga mkono. Na tusingoje mpaka paporomoke. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikuwa makumbusho ya taifa la Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Hapa Tanga tumeona jengo la zamani la hospitali pale Bombo, linaloitwa Cliff Block. Lilikuwa jumba la kifahari, likaachwa kwa miaka mingi mpaka miti ikaota ukutani. Jengo la matumbawe halisubiri. Na ukilipiga lipu ya saruji kwa haraka, unaliua polepole: ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa, saruji huyafungia ndani, chumvi inakusanyika, jiwe linaoza huku nje panaonekana papya. Anayetaka kuokoa fedha ajue kwamba kazi ya bei nafuu italipiwa mara mbili.

MJOMBA: Na wapo wataalamu wa chokaa?

MPWA: Wapo wachache Unguja, Lamu na Mombasa. Vijana wa Tanga wakifundishwa, hiyo ni ajira, na fedha ya ukarabati inabaki mkoani.

MJOMBA: Nionyeshe mahali ambapo jambo hili limefanyika, nyumba ya mkoloni ikawa ya wenyeji kweli.

MPWA: Nairobi. Ofisi ya zamani ya mkuu wa jimbo wa Kiingereza, iliyojengwa 1913, ilikuwa mahali pa kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo ni Nairobi Gallery. Ndani yake mna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya sanaa ya Kiafrika ili isiondoke yote kwenda nje. Ofisi iliyomwandika Mwafrika kwenye daftari la mkoloni sasa inaonyesha mikono ya Mwafrika iliumba nini. Kuta hazikubadilishwa. Mwenye nyumba ndiye aliyebadilika.

MJOMBA: Mwenye nyumba akibadilika, naweza kuingia bila kinyongo. Lakini nabaki na swali moja, na usinijibu haraka. Fedha ya kwanza ikipatikana, ianze na boma la Tanga au na kambi ya mkonge?

MPWA: Boma liko mjini, watu watalifikia.

MJOMBA: Watu gani, mama?

Neno la mwandishi

Mpwa hakulijibu swali hilo la mwisho, nami nalijibu kwa niaba yangu: vianze pamoja. Boma likikarabatiwa peke yake, litasimulia habari za mtawala hata kama maelezo yameandikwa kwa uchungu, kwa sababu jengo pekee lililobaki litakuwa lake. Mgeni akiona nguzo na veranda upande mmoja, na upande wa pili asione chumba cha kambi ambamo manamba walilala, ataondoka na nusu ya hesabu. Chumba kimoja cha kambi huko Korogwe, chenye kitanda cha kamba, panga la kukatia na kipande kilichojazwa siku zake, kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na paa la boma. Kitangazwe rasmi kabla hakijaanguka. Sheria inaruhusu, anayehitajika ni mtu wa kupeleka ombi.

Katika suala la kuta, niko na Mpwa. Ghadhabu ya Mjomba ni ya haki, lakini ukuta ukianguka utaanguka na kazi ya mafundi wetu, na kijana wa kesho ataambiwa kodi na hamsa ishirini ni hadithi tu. Katika suala la vitu vya unyago, niko na Mjomba bila kusita. Makumbusho yasiyoomba ruhusa kwa makungwi yatakuwa yameendeleza kazi ileile ya mkusanyaji wa kigeni, safari hii kwa mikono yetu wenyewe, na hilo ni baya zaidi.

Sanaa isiwe pambo la kumaliza ziara. Mtu aliyekata mkonge kwenye mkoa huu alibadilisha uchoraji wa Afrika Mashariki kwa rangi ya baiskeli na kipande cha hadibodi. Habari hiyo ina nguvu ya kumfanya mtoto wa Kwamndolwa akae wima darasani. Haimfikii kwa sababu makumbusho yako mjini, naye hana nauli. Kwa hiyo sharti langu kwa kila atakayetoa fedha, awe serikali, halmashauri au ubalozi, ni hili: katika kila mpango wa ukarabati wa jengo la kikoloni mkoani Tanga, kuwe na fungu la kuwasafirisha wanafunzi kutoka Korogwe na Handeni, na fungu la kupeleka maonyesho kwenye shule zao. Wazazi wa babu zao walishalipa kiingilio tangu mwaka 1898. Mpango usiokuwa na mafungu hayo mawili, madiwani wetu waukatae kikaoni.